MGENI NA MWENYEJI KATIKA DARASA MOJA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Naishukuru Halmashauri ya Chama kwa heshima iliyonipa ya kusimama mbele yenu niseme neno juu ya elimu. Najua ya kuwa si nyote mlio walimu. Wengi wenu ni makarani wa ofisi za wilaya, watunza daftari, waganga wa zahanati, mabwana shamba, na watendaji wa kata na vijiji. Walakini jambo nililolichagua halimhusu mwalimu peke yake, maana mtoto huletwa shule na karatasi, na karatasi huandikwa na karani. Jambo lenyewe ni hili: yafaa tuwafundisheje watoto wetu wa Ngara na Biharamulo habari za watu kuhama na kuhamia, na habari za mtu kuwa na kwao, pasipo kumvunjia heshima mtoto yeyote aketiye mbele yetu?

Mwalimu wa Mtwara au wa Singida aweza kulifundisha somo hili kama habari ya mbali. Sisi hatuwezi. Wilaya ya Ngara imepakana na nchi mbili, Rwanda na Burundi. Mto Ruvubu na mto Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na mtu akisimama darajani pale huona nchi mbili kwa jicho moja. Biharamulo nayo ni njia panda ya tangu zamani: atokaye Burundi na Rwanda kwenda ziwani hupita huko, na atokaye Usukuma na ng'ombe wake akitafuta malisho hufika huko. Basi katika darasa moja la watoto hamsini au sitini waweza kumkuta Mhangaza, Mshubi, Msubi, Mzinza, Msukuma, Muha, Mhaya, na mtoto ambaye babu yake alivuka mto mwaka 1959. Mwalimu akitamka neno "mgeni" katika darasa la namna hiyo, ajue ya kuwa neno hilo lina mahali pa kuangukia.

NANI HAKUHAMIA?

Kwa maoni yangu kosa kubwa ni kuanza somo kwa wakimbizi. Mwalimu akianza na mwaka 1994, watoto watafikiri ya kuwa kuhama ni msiba uliowapata watu fulani tu, na ya kuwa waliobaki wameota hapa kama mivule. Yafaa aanze mbali zaidi.

Watawala wa zamani wa Karagwe, wa Uzinza na wa Rusubi walijihesabu kuwa wa ukoo wa Kihinda, nao katika masimulizi yao walimtaja Ruhinda, ambaye hakuzaliwa hapa bali alikuja kutoka kaskazini. Yaani hata waliokalia viti vya enzi walijisifu kwa kutoka mahali pengine. Katika karne ya 19 Watuta, ambao ni tawi la Wangoni waliotoka Afrika ya Kusini, walipanda mpaka Runzewe, kusini ya Biharamulo, wakakaa huko. Leo wajukuu wao wamechanganyika na watu wa nchi hata huwezi kuwatambua.

Kisha mwalimu aje kwenye mipaka. Wakati wa Wadachi, Rwanda, Burundi na nchi hii yetu zilikuwa chini ya bendera moja, na boma la Biharamulo ambalo bado limesimama ni kumbukumbu ya siku hizo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana. Mwaka 1919 nchi ya Gisaka, ng'ambo ya Kagera, ilikatwa kutoka Rwanda ikatiwa upande wa Waingereza. Baada ya miaka michache ikarudishwa. Nchi ya Bugufi, wilayani Ngara, ambayo zamani ilikuwa katika milki ya Mwami wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Wakulima wa Bugufi na wa Gisaka hawakuulizwa. Walilala wakiwa watu wa mfalme mmoja, wakaamka wakiwa wa serikali nyingine, na migomba yao ikiwa pale pale.

Wala tusidhani ya kuwa hayo ni ya wakoloni tu. Mtu aliyezaliwa Chato mwaka 1990 alizaliwa katika wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Mwaka 2005 Chato ikawa wilaya peke yake, na mwaka 2012 ikatiwa katika mkoa mpya wa Geita. Mtu huyo amebadili wilaya na mkoa, naye hakuhamisha hata chungu. Makarani mnayajua vizuri mambo haya, maana ninyi ndio mliobadilisha vichwa vya majalada. Mtoto akielewa mfano huu, ataelewa pia ya kuwa mara nyingine mtu huhama, na mara nyingine mpaka ndio uhamao.

SISI NASI TULIKUWA WAGENI

Jambo la pili ni kuwakumbusha watoto ya kuwa watu wetu nao wamekula chumvi ya wengine. Katika miaka ya 1920 na baadaye, vijana wa Bugufi na Biharamulo, pamoja na wenzao wa Ruanda-Urundi, walitembea kwa miguu siku nyingi kupita Bukoba kwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu. Walikwenda kutafuta fedha ya kodi, ya nguo na ya mahari. Huko waliitwa kwa majina ambayo hawakuyachagua, wakapewa kazi ambazo wenyeji hawakuzitaka. Wengine walirudi, na wengine walizaa huko, na watoto wao sasa ni watu wa Uganda. Mzee ambaye baba yake alifika Masaka hakosekani katika vijiji vyetu. Mwalimu amwalike mzee wa namna hiyo aje kusimulia. Watoto watasikiliza kuliko wasikilizavyo kitabu.

Tena kuna mwaka 1978. Mwezi wa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliingia katika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na maelfu ya watu wa mkoa wetu huu wakakimbia kusini na watoto mgongoni, wakilala katika majumba ya watu wasiowajua. Raia wa Tanzania, ndani ya Tanzania, walikuwa wakiomba mahali pa kulala. Mtoto akilijua hili, hatacheka amwonapo mtu amebeba godoro kichwani.

MWAKA 1994 USEMWE KWA UKWELI

Sasa nafika penye uzito. Wakimbizi wa Rwanda walianza kufika tangu mwaka 1959 na miaka iliyofuata, na wengi wao walipewa ardhi, wakalima, wakaoa, wakazika wazee wao hapa. Mwaka 1980 Serikali yetu iliwafungulia wapatao 36,000 mlango wa uraia. Mwezi wa Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Warundi walivuka kwa wingi. Kisha tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa siku moja tu, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kwa kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, ikawa mji mkubwa kwa wiki chache, na hesabu ya wageni katika wilaya ya Ngara ikapita hesabu ya wenyeji.

Katika kufundisha habari hizi kuna majaribu mawili. La kwanza ni kuwaficha watoto mabaya ili tuonekane wapole. Hilo halifai, maana watoto hao wana baba na mama, nao wamekwisha sikia. Miti ilikatwa mpaka vilima vikawa vitupu. Maji yaligombewa. Ujambazi wa silaha uliingia katika barabara ambazo zamani mtu alipita usiku pasipo hofu. Mzazi aliyepoteza mbuzi au ndugu katika siku zile hataki kuambiwa na mwalimu kijana ya kuwa hayakutokea.

Jaribu la pili ni kusema mabaya peke yake. Katika siku zile zile mkulima wa ndizi na maharage alipata soko mlangoni pake, na vijana wengi waliosoma walipata kazi ya ukarani, ya udereva na ya ukalimani katika mashirika ya misaada. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianza kusikika Ngara, na jina lake lina maana ya kutumaini. Mwalimu na aandike pande zote mbili ubaoni, na watoto wayapime wenyewe.

Tena yapasa kusema wazi ya kuwa mwaka ule Rwanda palifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na Wahutu waliokataa kuua waliuawa pia. Miili ya watu ilielea katika mto Kagera ikapita Rusumo mpaka Ziwa Viktoria. Wazee wetu waliiona. Katika wale waliovuka daraja walikuwamo wauaji, na walikuwamo akina mama na watoto wachanga ambao hawakuua mtu. Mtoto afundishwe ya kuwa mauaji ni tendo la mtu aliyeyatenda, wala hayarithiwi kwa kabila wala kwa umbo la pua. Mwezi wa Desemba 1996 karibu Wanyarwanda nusu milioni walirudishwa kwao, na Warundi walibaki Lukole kwa miaka kadhaa baadaye. Leo kambi zile hazipo tena Ngara, lakini jina la Benaco limebaki, na watoto hupanda gari hapo pasipo kujua lilitoka wapi.

MANENO YATUMIKAYO

Naomba mniruhusu niseme kidogo juu ya maneno, maana neno ni chombo cha kazi yetu sote. Kila siku twasikia "wahamiaji haramu." Katika Kiswahili, haramu ni nguruwe kwa Mwislamu, ni mali ya wizi, ni tendo lililokatazwa. Tangu lini mtu akawa haramu? Mtu aliyeingia nchini pasipo kibali amevunja sheria, na sheria ina njia yake. Basi na aitwe mtu asiye na kibali. Mtoto aliyezaliwa na mtu huyo hakuvunja sheria yoyote. Tukilizoea neno hili darasani, watoto watalitumia uwanjani wakati wa mpira, nalo litaanza kuwa jina la mtu.

Kadhalika tutenganishe maneno manne ambayo watu huyachanganya. Mkimbizi ni aliyekimbia kwao kwa kuogopa kuuawa au kuteswa, naye amepokewa kwa sheria. Mhamiaji ni aliyehama kutafuta kazi, malisho au shamba, naye aweza kuwa raia, kama vile Msukuma aliyetoka Kwimba kuja Biharamulo, au kijana aliyekuja kuchimba dhahabu. Mgeni ni yeyote asiye wa mahali hapo. Raia ni mtu ambaye sheria imemtambua hivyo, iwe kwa kuzaliwa au kwa kuandikishwa. Wale Warundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambao vyeti vyao vilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2014, ni raia kama wewe na mimi, japo walifika wakiwa wakimbizi. Darasa la sita laweza kuyaelewa maneno haya kwa kipindi kimoja.

Na lugha isitumiwe kuwa mtego. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Kadhalika Kishubi na Kiha vimekaribiana. Mtu wa Pwani akisikia mtoto wa Kabanga akimwita mama yake, aweza kuapa ya kuwa ni Mrundi. Majina nayo ni hivyo hivyo. Mwalimu mgeni aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali asihukumu kwa sikio lake.

YALIYOPATA KUONEKANA

Nilipata kuhudhuria somo katika shule moja ambayo siitaji. Mwalimu, pasipo nia mbaya, aliwaambia watoto, "Walio si wa hapa wanyoshe mikono." Mikono mitatu ilinyoshwa. Mmoja alikuwa mtoto wa polisi kutoka Iringa, naye alicheka. Wa pili alikuwa mtoto wa mfugaji. Wa tatu alikuwa binti ambaye mama yake alizaliwa katika kijiji kile kile, lakini babu yake alitoka Rwanda. Binti huyo alinyosha mkono nusu, kisha akaushusha, na wenzake wakageuka kumtazama. Sijui ni nani aliyemfundisha ya kuwa yeye si wa hapa, ila najua ya kuwa somo lile lilimthibitishia.

Yatupasa kukumbuka kilichokuwa nyuma ya mkono ule. Mwezi wa Julai 2013 lilitoka agizo ya kuwa wote wanaokaa mkoani Kagera pasipo kibali waondoke, na mwezi wa Septemba Operesheni Kimbunga ilianza katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka. Serikali ilikuwa na sababu zake, maana ujambazi ulikuwa umewachosha watu. Walakini katika walioondoka walikuwamo waliokaa hapa miaka mingi mno, na nyumba ambazo mume alibaki na mke akavuka. Mtoto aliyeona hayo akiwa na miaka sita, leo ni kijana. Wadogo zake wako madarasani mwetu. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa kwao ni wapi mbele ya wenzake, huwa hasikii swali la jiografia. Huketi nyuma, hajibu, kisha siku moja haji. Katika daftari la mahudhurio tutaandika "mtoro," na karani atajumlisha hesabu ya watoro mwisho wa mwezi, wala hakuna atakayejua sababu.

KWA MAKARANI NA WATUMISHI

Nimekwisha kuulizwa na ndugu mmoja: "Je, mtumishi wa Serikali akijua ya kuwa mzazi fulani hana kibali, anyamaze? Hatukula kiapo?" Swali ni la haki. Nami najibu hivi. Idara ya Uhamiaji ipo, ina maofisa na sheria zake, wala sisemi mtu azuie kazi yao. Lakini kila ofisi ina mpaka wake. Mganga hamwulizi mgonjwa cheti cha uraia kabla ya kumfunga jeraha, na mwalimu hakuajiriwa kuwa mpelelezi wa watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, imekataza kumbagua mtoto kwa kabila, kwa lugha, kwa kuzaliwa kwake, wala kwa kuwa mkimbizi. Hiyo ni sheria ya Bunge letu, nayo yatufunga kama vile kiapo.

Kwa hiyo naomba makarani mshike mambo matatu. Kwanza, jina la mtoto liandikwe kama wazazi walitamkavyo. Msilikate wala msiligeuze liwe la Kiswahili, maana kosa moja la herufi katika daftari la darasa la kwanza humtesa mtu akiomba kitambulisho miaka ishirini baadaye. Pili, yaliyo katika daftari yasisomwe kwa sauti mbele ya foleni. Tatu, barua ya utambulisho isicheleweshwe kwa sababu jina la mwombaji limekutia shaka. Kama kuna shaka, njia ya kuuliza ipo, nayo ina muda wake.

KWA WALIMU

Nanyi walimu wenzangu, nayaweka kwa kifupi niliyoyaona kuwa yafaa. Msimsimamishe mtoto kuwa mfano wa kabila au taifa. Mtoto akitaka kusimulia habari ya nyumba yake kwa hiari, asikilizwe, asipotaka, aachwe. Badala ya kuuliza "Wewe watoka wapi?" wapeni watoto wote kazi moja: kila mtu amwulize mkubwa wa nyumbani kwake, "Ni safari gani ndefu iliyopata kufanywa na mtu wa nyumba hii, na kwa nini?" Hapo mtoto wa mwalimu, wa mfugaji, wa mchimba dhahabu na wa aliyevuka mto wote watakuwa na la kusema, wala hakuna atakayekuwa peke yake. Chukueni ramani, mpime njia ya Ngara mpaka Masaka, mhesabu siku za kutembea maili kumi na tano kwa siku. Hiyo ni historia, ni jiografia, tena ni hesabu. Mtoto akimtukana mwenziwe kwa asili yake, msipite kama hamkusikia.

Kuna methali ambayo watoto wote wanaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia kumfukuza mgeni. Hebu tuitazame vizuri. Mtu unayetaka aondoke humpi jembe. Humpa masurufu ya njiani. Jembe hupewa yule ambaye kuanzia siku hiyo atalima pamoja nawe, atakula alicholima, na mvua ikikosekana mtalia pamoja. Methali hiyo yadai kazi kwa mgeni, nayo yadai shamba kwa mwenyeji. Ifundisheni kwa pande zote mbili.

Bwana Mwenyekiti, kabla sijaketi naleta ombi. Naomba mkutano huu ukubali ya kuwa wanachama walio walimu wa Ngara na Biharamulo wakutane mara moja katika muhula, wakusanye masimulizi ya wazee juu ya safari za Buganda, juu ya mwaka 1978 na juu ya mwaka 1994, yapigwe chapa katika gazeti letu hili kidogo kidogo, ili mwalimu mpya aletwaye kutoka mbali apate cha kushika mkononi. Wazee wale hawatungoji. Gharama ni karatasi na wino tu, na Mweka Hazina ameniambia ya kuwa vyote viwili vipo.